Kipuri Kilichokwama Kobero

Ukitoka Mushasha, mjini Gitega, kwa miguu, ukaziacha nyuma shule na kanisa, utateremka hadi kwenye duka la Feroz, anayeuza misumari, rangi, mipira ya baiskeli na vipuri vya magari. Nje ya duka pana benchi la ubao mnene, na kila Jumamosi, watu wakirudi kutoka kazi za jamii na majembe begani, dunia nzima hutengenezwa upya hapo kabla ya saa sita. Kadidja huleta birika la kahawa na vikombe, kimoja hakina mkono. Wa kwanza kufika huwa Kastori, fundi cherehani, ambaye wanamwita Ministre kwa sababu husimulia habari za serikali utadhani hulala nazo kitanda kimoja. Wa pili ni mzee Nazario, mkuu wa shule mstaafu. Huyu ni Direkta, na hata mkewe humwita hivyo. Wa tatu ni Fabiano, ambaye zamani alionekana Jumamosi tu, lakini sasa ana wiki tatu hajabanduka. Jina lake la benchini ni Tani Tano, maana hawezi kumaliza kikombe bila kukukumbusha kwamba loda lake huinua tani tano kwa mchoto mmoja.

Loda, kwa asiyelijua, ni lile katapila la magurudumu manne makubwa lenye bakuli la chuma mbele, linalochota mchanga na kokoto na kuzimwaga kwenye malori. Fabiano alijifunza kuliendesha Tanzania, alikokulia ukimbizini, na tangu arudi nyumbani Burundi alikuwa akipakia mawe kwenye machimbo ya Nyarusange. Loda lile la zamani likafa, likauzwa chuma chakavu. Kampuni ikampeleka Muyinga, kwenye matengenezo ya barabara ya kwenda Kobero, mpakani na Tanzania, akakabidhiwe jipya. Akapanda, akanyoosha mikono kuutafuta usukani. Hapakuwa na usukani. Palikuwa na kijiti kidogo mkono wa kushoto, na ukikigusa tu, mashine nzima imeshageuka kabla hujamaliza kuwaza. Haikufika saa nne asubuhi, Fabiano alikuwa amekibomoa choo cha kambi, mbele ya madereva wote, na mbele ya Letisia, opereta aliyefundishwa kazi na Fabiano mwenyewe. Choo, kwa bahati njema, kilikuwa kitupu. Msimamizi akamwambia hakuna neno, Letisia analijua vizuri, atakufundisha wiki mbili. Fabiano alipanda basi siku hiyohiyo akarudi Gitega. Kadidja alipomuuliza mbona amerudi, jibu lilimtoka lenyewe: mashine inasubiri kipuri.

Asubuhi ya leo msimamizi amempigia simu. Jumatatu uwe hapa, la sivyo nampa mwingine. Fabiano ana miaka hamsini na miwili, hajui kazi nyingine yoyote, na hajamwambia mtu.

— Eh bon, Tani Tano, — Kadidja alisema akimmiminia. — Ile piesi imefika?

— Bado. Kipuri kiko njiani.

— Njia gani hiyo? Wiki tatu! Hata konokono angekuwa ashafika, ameoa, iko na watoto.

— Mi najua iko wapi, — alisema Ministre, akiivuta suruali magotini isikunjike. — Iko Kobero, kwa duani, pale wanalipisha ushuru. Kuna karatasi moya ya rangi ya pinki. Bila ile pinki, hakuna kitu inapita. Na ile pinki imekwisha tangu mwezi wa pili.

— We umeijulia wapi hiyo pinki?

— Siwezi kutaja. Nilishonea mtu suruali.

— Mama wee! We unapima watu kiuno kumbe unawachota siri mfukoni, — alisema Kadidja.

Direkta alikohoa kikohozi chake cha darasani, kile kilichonyamazisha vizazi vya watoto.

— Tufikiri na utaratibu. Kobero iko huku. Kabanga iko kule, Tanzania. Katikati iko nini? Pahali padogo tu. Donc, piesi haijakwama Kobero. Haijatoka Kabanga! Watanzania waliiangalia, ikawapendeza, wakaifunga kwa mashine yao. Saa hii inawachimbia barabara.

— Watanzania wana mashine chungu nzima, Direkta, — alisema Fabiano. — Hawana shida na kipuri chetu.

— Mnaona anavyowatetea? Alikula ugali yao miaka ishirini.

— Ishirini na sita.

Wakacheka, na Fabiano akacheka nao. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Alikuwa akikipenda kipuri hiki. Kila Jumamosi kilizidi kunenepa, na kadiri kilivyonenepa ndivyo alivyopata pa kujificha.

— Sikilizeni, — Ministre alisogea mbele. — Mi nilikuwa sitaki kusema. Ile piesi ilipita, tena na pinki yake. Lakini kufika Muyinga wakakuta iko kubwa kuliko mashine yenyewe. Sasa wanatafuta mashine yenye inaweza kuingia kwa hiyo piesi.

— Yooo!

— Naapa! Sindano yangu ivunjike.

— Oya, mnadanganywa, — alisema Kadidja, akiliweka birika chini ili apate mikono yote miwili ya kusemea. — Mi nilisikia sokoni. Lori yenye ilikuwa inaleta ile piesi ilizama kwa matope, magurudumu yote. Wakasema, muite loda ije itoe hii lori. Loda gani? Ile ile yenye inasubiri piesi!

Direkta alicheka hadi akavua miwani. Ministre alipiga paja lake, kisha la Fabiano. Feroz peke yake hakucheka sana; alikuwa amesimama mlangoni, akipangusa boliti kwa kitambaa.

— Ewe Feroz, — alisema Ministre, — si uko na ndugu yako Kobero? Mpigie basi, aulize. Tumalize hii kesi leo.

Fabiano aliinamia kikombe chake.

— Leo rezo iko mbaya, simu haishiki, — alisema Feroz.

— Na juzi ulisema simu iko kwa chaji.

— Juzi ilikuwa kwa chaji. Leo ni rezo.

Fabiano alimshukuru Mungu kimoyomoyo na kunywa kahawa iliyokuwa bado moto mno. Ndipo lori jekundu kwa vumbi liliposimama mbele ya duka, na mtu mwembamba mwenye kofia ya kampuni akateremka, akampa Feroz mkono, akataka boliti za kufunga tela.

— Kaa kwanza unywe kahawa, — alisema Kadidja, ambaye hakuwahi kumwacha mtu apite bure. — Unaitwa nani? Unatoka wapi?

— Crispin. Natoka Muyinga, mi ni shoferi kwa ile barabara ya Kobero.

Fabiano aliivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. Ministre, kwa upande wake, aliinuka kabisa.

— Mungu ametuletea shahidi! We umepita Kobero. Umeiona ile piesi?

— Piesi gani?

Wakamweleza wote kwa mpigo. Ministre alishika pinki, Direkta akashika Kabanga, Kadidja akalizamisha lori upya, safari hii hadi kwenye vioo. Crispin alisikiliza kwa heshima, akimgeukia huyu na kumgeukia yule, akanywa funda moja. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Inaitwaje?

— Nani?

— Hiyo piesi. Jina yake.

Ministre alimtazama Direkta. Direkta alizipangusa miwani zilizokuwa safi. Fabiano alifungua mdomo. Kwa kweli majina aliyajua. Angeweza kusema pampu, angeweza kusema mpira wa mafuta, na nani angembishia? Lakini hakuweza, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwenda kwa Feroz.

Feroz hukitambua kipuri kwa kukisikia kikianguka sakafuni. Mtu akija kutaka hata mnyororo wa baiskeli, humuuliza jina, saizi, na baiskeli ilinunuliwa mwaka gani. Na wiki tatu nzima, huku kipuri kinasafiri kutoka karatasi hadi matopeni, hakuwahi hata mara moja kumuuliza Fabiano kinaitwaje.

— Feroz, — alisema Fabiano polepole. — Wewe ulijua.

Feroz aliendelea kupangusa boliti ambayo sasa ilikuwa inang'aa.

— Piesi yenye haina jina, kaka, mi siuzi, — alisema. — Nilijua siku ya kwanza.

— Na nyinyi?

— Ile pinki nilitunga, — Ministre alisema, akitazama viatu vyake. — Lakini ilikuwa nzuri, hein?

— Kwa nini lakini? — aliuliza Fabiano. — Kwa nini mniache niseme uongo wiki tatu?

— Siku ile ulishuka kwa basi uko na sura ya mtu ametoka kuzika, — alisema Kadidja. — Tungefanya nini? Ulisema unatafuta piesi. Tukakusaidia kuitafuta.

Fabiano aliona aibu, kisha akaona jinsi anavyopendwa na watu hawa. Alivua kofia.

— Hakuna kipuri. Mashine ni nzima kabisa. Mimi ndiye sijui kuiendesha. Haina usukani, ina kijiti, na kijiti kimenishinda. Anayekijua ni Letisia. Letisia, ambaye alikuja kwangu hajui hata mlango wa loda unafungukia wapi! Sasa nikasimame pale na mvi zangu nimwambie, nifundishe, madereva wote wananitazama? Na nisipofika Jumatatu, kazi imekwenda.

Hakuna aliyemtania. Hata nzi aliyekuwa kwenye kikombe cha Direkta aliachwa aendelee na shughuli zake. Ni Crispin aliyeweka kikombe chini na kukunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

— Ngoja. Ile siku niliona kwa mbali tu. We ndo Fabiano? Fabiano ya choo?

— Choo gani? — waliuliza watatu kwa sauti moja.

— Hakuwaambia?

— Crispin, tafadhali, — alisema Fabiano.

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Crispin hakuwa na choyo. Alionyesha kwa mikono jinsi loda lilivyokwenda kushoto, kulia, tena kushoto, na jinsi mlinzi alivyokimbia na karatasi yake mkononi kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anaelekea huko. Ministre alilala juu ya bega la Kadidja kwa kucheka. Direkta alitaka kujua, kwa utaratibu, kama palikuwa na mtu ndani.

— Hapakuwa na mtu! — alipiga kelele Fabiano, na ghafla naye akaanza kucheka, kicheko kilichomtoka tumboni.

— Walijenga ingine ya matofali, — alisema Crispin, akijifuta macho. — Ile ya zamani ilikuwa haina mlango. Kule kambini watu wanakuombea.

Walipotulia, Crispin alimgeukia Fabiano kwa sauti nyingine.

— Lakini sikia, mzee. Letisia ndo ananipakia kila siku. Maopereta wengine wanapitisha bakuli juu ya kabini, mi niko ndani, mawe inaniangukia kwa kichwa. Yeye, oya, hafanyi hivyo. Anazunguka, anakuja na nyuma ya lori. Siku moya nikamuuliza, mbona unapoteza wakati? Akasema, shefu Fabiano akiona nimepitisha mawe juu ya mtu, siku hiyo sili.

Maneno hayo Fabiano aliyasema kweli, miaka mingi iliyopita, kwa ukali, vumbini kule Nyarusange, na hakuwahi kujua kama yaliingia popote.

— Mpigie, — alisema Direkta.

— Sasa hivi?

— Rezo imerudi, — alisema Feroz.

Crispin alikuwa ameshabonyeza namba. Alimpa Fabiano simu, na Fabiano akaishika kwa mikono miwili. Upande wa pili palikuwa na mngurumo, na sauti ya mwanamke ikipiga kelele juu yake:

— Allô, Crispin! Umepata boliti?

— Letisia. Ni mimi, Fabiano.

Alisikia bakuli likitua chini taratibu, kisha injini ikazimwa, na Muyinga yote ikawa kimya.

— Shefu.

— Letisia, sijui kuiendesha hiyo mashine. Nilikimbia kwa sababu sijui.

Benchini hakuna aliyegusa kikombe.

— Shefu, mi ile wiki ya kwanza nililia kila jioni, — alisema Letisia. — Kile kijiti nilikichukia. Nilishika simu mara ngapi nikupigie. Nikaogopa. Nikajua utasema nimekuaibisha.

Fabiano alifunga macho. Alikuwa amejiona yeye peke yake ndiye mwenye aibu katika kazi hii, na kumbe aibu hiyo alimfundisha Letisia pamoja na mengine yote. Ilimuuma, na hakutaka kuficha.

— Ungenipigia, mwanangu, — alisema.

— Na we ungenipigia, shefu.

Fabiano aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana kule. Kisha akamrudishia Crispin simu yake na kumwomba amngoje dakika kumi, akachukue nguo za safari ya Muyinga.