Fundi Nusu Saa Anaziaga Amplifaya za Ukumbi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa sauti anastaafu baada ya kuuhudumia ukumbi huu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake limo kwenye mafaili ya utumishi. Sisi tunamwita Nusu Saa, na ukimwita vingine hageuki.

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa na mafundi saba. Wengine walihama, wengine walistaafu, na kwa miaka kumi na miwili tumebaki wawili, yeye na mimi ninayeandika, kwenye chumba chenye meza saba chini ya jukwaa.

Kazi aliyobobea ni kusawazisha zile amplifaya kongwe za vali. Kila moja ina vali mbili kubwa za kioo zinazopokezana sauti: hii ikisukuma, ile inavuta. Zote mbili zinatakiwa kupitisha umeme sawasawa. Moja ikizidi, transfoma inapata moto na spika zinaanza kunguruma. Kwa hiyo fundi anachomeka mita, anagusa skrubu ya vali ya kwanza, anahamia ya pili, kisha anarudi ya kwanza, maana ukigusa hii, na ile nayo inabadilika. Na kabla ya yote, sharti vali zipate joto. Nusu saa, alisema, wala hakukubali kupunguziwa hata dakika. Mkurugenzi aliwahi kuteremka kuharakisha mambo, akapewa kiti.

Mimi nilikuwa mbishi. Mwaka wetu wa kwanza wa kubaki wawili, siku ya tamasha, nilizisawazisha zikiwa bado baridi, nikapanda juu nikijipongeza. Haukupita muda, bati la ndani ya vali moja likaiva jekundu. Yeye ndiye aliyewahi kuzima. Mkuu wa kitengo alipouliza, Nusu Saa alijibu kwamba vali ilikuwa imechoka. Hakunisuta, wala hakunikumbusha tena.

Tangu hapo nikamwachia kazi hiyo. Akiwasha tu, mimi huyo getini, kupiga soga na walinzi mpaka muda uishe. Ilikuwa hivyo karibu kila asubuhi.

Wiki iliyopita, katika makabidhiano, alinipa kitabu cha mitambo. Nikasoma kwamba vali hizo zinahitaji dakika kumi tu. Nikamwendea nikicheka, nikamwambia, "Mzee, kumbe umetupiga chenga miaka yote hii!" Naye akacheka. Kisha akaeleza, polepole, kwamba mkewe alifariki mwaka ule ule tuliobaki wawili. Nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye. Alidhani nusu saa inatosha mtu kuvuta kiti akaketi, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Nilijua habari za msiba ule. Nilikwenda hata kuzika. Sikuwahi kumuuliza alirudije kwenye nyumba tupu.

Mzee wetu, uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru. Mikono yako ndiyo iliyoufanya ukumbi huu usikike. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku zenye nafasi. Kwa upande wangu, naomba unisamehe. Kuanzia Jumatatu karakana ni yangu peke yangu, na tayari naiogopa. Jumamosi asubuhi utasikia hodi mlangoni. Ni mimi, na sina haraka.