Mlango wa Fundi Kadyrkul

Ndugu na majirani mliopanda hadi Kara-Bulung na barafu yote hii, ahsanteni. Mimi ni Omurkan, mdogo wake marehemu. Fundi Kadyrkul Turdumatov alizaliwa hapa kijijini tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Turdumat na mama Zuurakan. Mama alimzalia bandani, maana mwaka ule banda lilikuwa na joto kuliko nyumba.

Alisoma hapa hadi darasa la nane, kisha akajifunza useremala mjini Naryn, 1967 hadi 1969. Hesabu za daftari zilimshinda kabisa. Alipimia kamba yenye mafundo, na hakukosea.

Kuanzia 1971 alijenga mabanda ya shamba la ushirika, na liliposambaratika akamjengea yeyote aliyemwita. Kile kichochoro cha mbao cha kuchanjia ng'ombe kule mtoni ni kazi yake. Kabla ya hapo tulikuwa tukiwaangusha kwa kamba, na meno yangu mawili yalibaki palepale. Sakafu zake zilikuwa na mteremko, ng'ombe wakalala pakavu. Milango yake yote ilifunguka kwa ndani, kama ya wazee wetu, kwa sababu theluji ikijaa nje, mlango wa kufungukia nje haufunguki.

Alimwoa shemeji yangu Salkyn tarehe 20 Septemba 1975. Siku ya kwanza ukweni, kabla hata ya salamu, alianza kumpima ng'ombe wao kwa kamba. Mama mkwe akapaza sauti, "Jamani, huyu kaja kumposa binti yangu au ng'ombe?" Akajibu, "Mama, binti simjengei banda."

Sasa nifike pale shemeji aliponiomba nisifike. Tarehe 9 Februari 1998, saa kumi jioni, Anarkan, mke wa jirani yetu Doolot, alikuwa bandani kwao akikamua. Theluji ikavunja boriti ya nyuma. Ng'ombe kumi na mmoja wakakimbilia mlangoni, na yeye akiwa mbele yao. Mlango huo aliutengeneza kaka yangu. Tulikuwa watatu nje: Doolot, kaka na mimi.

"Sukuma, fundi!" Doolot alilia.

"Nasukuma!"

Ndani tukasikia, "Msisukume! Mnanibana!"

Tukaacha. Tungefanya nini? Kaka akakimbilia shoka. Mbao zilikuwa na unene wa vidole vitatu, zile alizojisifia sokoni. Alipotoboa, Anarkan alikuwa ameshanyamaza.

Baada ya hapo kaka alitengeneza mlango wa vipande viwili, cha juu kikifungukia nje, mtu apate kuruka. Miaka sita alizunguka bonde zima akibadilisha milango bila malipo. Ulibaki mmoja. Alipomwendea Doolot na mbao begani, Doolot alimwambia, "Ng'ombe sina, mke sina. Mlango wa nini?" Tangu hapo waliswali safu moja, na salamu ya kaka haikujibiwa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwezi wa Oktoba 2018. Daktari wa Naryn alituambia tumrudishe nyumbani, na tukamrudisha. Alinituma kwa Doolot mara tatu, nimwombee radhi. Mara mbili sikufunguliwa. Mara ya tatu nilimiminiwa chai, nikasema yote niliyotumwa. Doolot akasema, "Kamwambie nimesikia."

Nikarudi. Kaka akauliza, "Kasemaje?"

"Amesikia."

"Basi?"

"Basi, kaka."

Akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Desemba 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Salkyn.

Ameacha mjane wake Salkyn, watoto wawili, Nurjamal na Talant, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na mabanda ambayo sisi hatukuyahesabu.

Punde imamu atawauliza, kama ilivyo desturi yetu, "Marehemu alikuwa mtu gani?" Nanyi mtajibu kwamba alikuwa mtu mwema. Swali hilo kaka yangu aliliogopa miaka ishirini na moja, kwa ajili ya jibu la mtu mmoja. Ninapoandika haya sijui kama Doolot atakuja. Kama umekuja, jirani yangu, jibu au nyamaza, sitakulaumu. Kusukuma tulishasukuma siku ile.

Fundi wetu na apate pumziko la amani.