Ini la Mzee wa Kanisa

Kifodi kilichojaa abiria kilipotoka mjini kuelekea Kimandolu, mama mmoja mgeni aliyeketi na Aminiel aliona karatasi ya vipimo mkononi mwake, akamuuliza kule kwenye zahanati mpya ya kulipia wamemwambiaje.

"Vimeng'enya vya ini vimepanda, mama."

"Pole, baba. Pombe hiyo, mbege."

Aminiel akacheka, maana hata yeye angemwambia mgonjwa mwingine hivyo hivyo. "Mimi ni mzee wa kanisa. Mbege naijua kwa harufu ya majirani tu."

"Ndivyo mnavyosema wote."

"Sikiliza basi. Kile kipimo cha damu kinasema ini limeumia, hakisemi nani kaliumiza. Ndiyo maana daktari alinihoji kama polisi: pombe, vidonge, mitishamba. Kwenye mitishamba nikakohoa."

Tangu Pasaka alikuwa akinywa maji ya magome machungu kila asubuhi, eti kusafisha ini. "Nilikuwa mzima, mama. Nimejitibu mpaka nimeugua! Sasa nimeambiwa niyaache, kisha nipimwe tena. Vikishuka, mchawi tumemjua. Visiposhuka, tunaendelea kumtafuta."

"Si uyaache?"

"Anayenichemshia ni mama mkwe."

Yule mama akashika mdomo. "Weee! Basi baba, kubali tu kuwa mlevi."

Kifodi kikapunguza mwendo. Kituoni alisimama mama mkwe mwenyewe, chupa ya chai kwapani, kwa kuwa leo mgonjwa wake aliondoka bila kunywa maji yake ya magome.

"Konda," Aminiel akanong'ona, "hamfiki Tengeru?"

"Mwisho wa gari hapa, mzee."

Akateremka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu mkwe, huku akifungua kifuniko.