Mwalimu Abeli Matonya na Kanda Iliyokatwa Vipande

Ninayesoma wasifu huu ni mimi Dorothea, mdogo wake marehemu. Mchungaji ameniomba nilainishe maneno. Nimeshalainisha, haya ndiyo laini.

Marehemu Mwalimu Abeli Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Mlali, wilayani Kongwa, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita. Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1966, akasoma sekondari mjini Dodoma, kisha ualimu Morogoro, alikohitimu mwaka 1980. Huko ndiko alikojifunza mpira wa magongo. Aliporudi likizo na gongo lake, baba yetu alilitazama weee, kisha akauliza, "Yaani miaka yote hiyo umesomeshwa ili urudi na fimbo? Fimbo si uliiacha hapa nyumbani?"

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu Kongwa, akafundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 2018. Magongo ya dukani hayakuwepo, hivyo aliwafundisha wanachuo kuchonga ya mti wa mkole. Yeye na Mwalimu Nurdini wa chuo cha Kondoa ndio walioanzisha mashindano ya magongo ya vyuo vya Kanda ya Kati. Kongwa na Kondoa wakawa watani wa jadi, na kila mwaka walitembeleana.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Ruthu. Walijaliwa watoto watatu: Joel, Jenifa na Mazengo.

Mwaka 1994 Kondoa walikuja kucheza, wakafunga mabao mawili, wakaketi kula. Kumbe wapishi wetu walikuwa wamemchinja mbuzi mapema kabla wageni hawajafika, na vijana wa Kondoa ni Waislamu. Wakala ugali kwa mlenda, nyama wakaiacha, kwa adabu zao. Marehemu aliona aibu, akakimbia nyumbani, akamfungua beberu zizini na kumkabidhi Nurdini amchinje mwenyewe. Shemeji Ruthu akaja nyuma mbio: "Baba Joel! Huyo ni wa mahari ya mdogo wangu!" Akajibiwa, "Mdogo wako atasubiri, wageni hawasubiri." Tangu siku hiyo, kisu hakikugusa mnyama mpaka Kondoa wafike, na wote wakala chungu kimoja.

Sasa nakuja kwenye uchafu. Mwaka 2022 vyuo vitatu vikubwa vya mjini vilijitenga, vikaunda ligi yao, eti ya hadhi. Kamati ya michezo ya vyuo, badala ya kuwaambia warudi, ikaketi na ramani na kalamu nyekundu. Kondoa ikatupwa Kanda ya Kaskazini kwa sababu eti kuna basi la Babati. Kongwa tukapelekwa Mashariki. Kanda ya Kati ikafutwa, na sisi wadogo tukagawanywa kama makombo. Mwaka huohuo vijana wetu walisafiri siku nzima hadi Pwani, wakakuta wenyeji wamewaandalia wavu wa voliboli. Gongo hata moja hawakuwa nalo! Marehemu hakuwa mtu wa matusi. Alisema tu, "Hawa hawajawahi kula na mtu." Mimi ninayo mengine ya kusema, lakini Mchungaji ananitazama.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015. Januari mwaka huu wa 2025 figo zilishindwa, akahamia kwa Jenifa, Ipagala mjini Dodoma, ili awe karibu na hospitali. Akiwa kitandani aliiandikia kamati barua tatu, akiomba jambo moja: Kongwa na Kondoa wacheze mara moja, wakati bado anaweza kubebwa kwenye kiti chake mpaka uwanjani. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili wakasema vyuo vya kanda tofauti havichezi nje ya ratiba. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Jumanne likaja jibu la ya tatu: ombi lako limepokelewa, tafadhali endelea kusubiri. Jamani! Kusubiri nini?

Ndugu wa kamati, tunawaona hapo mbele na shada lenu. Karibuni, msiba haufukuzi mtu. Nimesikia mnanung'unika kwamba chakula kimechelewa. Ni kweli. Ng'ombe alifungwa tangu alfajiri akimsubiri Mwalimu Nurdini atoke Kondoa na vijana wake, nao wamevaa jezi ndani ya makoti. Tukishazika, wakati nyama inaiva, watani watashuka uwanjani. Kibali hatukuomba.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake watano, na Mwalimu Nurdini, ambaye hatukujua tumwandike wapi kwenye orodha ya ndugu, tukaona tumwandike hapahapa.

Pumzika kwa amani, kaka. Kondoa wameshafika.