Bi Prabha na Lenzi Iliyogeuka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Prabha Ratilal anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya miwani, Mlandege, kwa miaka thelathini na tatu. Alianza kwa kufuta vumbi kwenye kabati la fremu. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa lenzi, na sijui ni walimu wangapi wa hapa mtaani Ng'ambo wanaosahihisha madaftari kwa kazi ya mikono yake.

Tuseme kweli, unyenyekevu haumo katika sifa zake. Mteja akilalamika kuwa miwani mipya inamtia kizunguzungu, Bi Prabha humuuliza kama amekula. Chai yake ya iliki haruhusu mtu mwingine kuipika, na redio ya karakana ni yake.

Miaka miwili iliyopita aliingia na kipande cha kioo kinene, upana wa sahani ya wali, akatangaza kwamba kabla ya kustaafu atatuachia darubini, watoto wanaosubiri miwani wapate cha kutazama. Kila jioni baada ya kazi alikisugua kioo kile mpaka kikaingia ndani kama bakuli pana.

Kazi ngumu ni kujua kama bonde limekaa sawa, maana kosa lake halionekani kwa macho. Hupimwa kwa taa ndogo, wembe, na lenzi inayowekwa mbele ya taa. Umbo likiwa sahihi, kioo chote huwa kijivu kwa mara moja. Likikosea, hutokea vivuli vya vilima na mabonde.

Mwezi wa Machi kioo kikawa kijivu safi. Tulikula halua. Muhiddin, mtunza stoo wetu, akakifungia kwenye sanduku apate kukipeleka bara kupakwa fedha. Kabla ya hapo tulikijaribu juu ya paa. Mwezi ulipendeza, lakini Mshtarii, sayari ile kubwa, ilionekana kama kiini cha yai kilichopasuka. Bi Prabha akalaumu unyevu wa bahari, kisha akalaumu macho ya Muhiddin.

Siku moja alikuwa akipachika lenzi za mteja, mikono ikasita. Katika miwani, tumbo la lenzi, yaani upande uliobenuka, hutazama nje, mbali na jicho. Maelekezo ya kipimo cha kioo yalitaka tumbo litazame taa, iliyokuwa upande aliokaa yeye. Mikono iliyozoea miwani ilikuwa imeigeuza lenzi yenyewe, bila kumuuliza mwenyewe. Kipimo kilikuwa kimekisifu kioo kibovu.

Hakuna mwingine aliyejua. Sanduku lilishafungwa, kustaafu kumekaribia, na kioo kikishapakwa fedha hakisuguliwi tena. Sifa zote alikuwa ameshazipokea, na halua imeshaliwa.

Wakati wa chai alisimama mbele yetu sote. "Fungua hilo sanduku, Muhiddin," alisema. "Nimekosea mie. Macho yako hayana ila."

Muhiddin aliweka kikombe chini, akalifungua sanduku. Bi Prabha akaigeuza lenzi, na vilima vikajitokeza pale pale. Alirudi kusugua, jioni baada ya jioni, huku akitugombeza tukipita karibu na meza. Wiki iliyopita kioo kikawa kijivu tena, safari hii kwa haki. Baada ya Magharibi tukapanda juu. Alimwamuru Muhiddin atazame kwanza. Mshtarii ilikuwa mviringo, na miezi yake imejipanga ubavuni. Bi Prabha alitazama wa mwisho, akalia, nasi tukalia naye bila ya haya.

Bi Prabha, tunakushukuru kwa kazi, kwa chai, hata kwa ugomvi. Mungu akupe afya na mapumziko yenye raha, wewe na watu wako. Kioo hiki ungeweza kutuachia kibovu, na sisi tungekusifu hivyo hivyo maisha yetu yote.

Nadir, meza ya fremu