Bi Kamba na Mkuu Aliyesaini Akiwa Matopeni

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku tisa (nimehesabu mwenyewe, anayebisha aje na vidole vyake), mpima hasara wa ofisi yetu ya fidia, Bi Kamba, anastaafu tarehe thelathini Juni. Mimi dereva wake nimepewa kuandika haya kwa sababu wenye diploma walisema hawana muda. Sawa tu. Habari zenyewe pia hawana.

Mkulima akipigwa na mafuriko au ukame, Bi Kamba ndiye aliyekwenda kupima kilichoharibika ili serikali imlipe. Wenzake walipima kwa macho, wakiwa ndani ya gari. Yeye alishuka na kamba yake ya mita hamsini, akalizunguka shamba zima kwa miguu. Jina likamganda hapo. Wajanja walikoma. Bwana mmoja alidai ekari kumi za mahindi zimeliwa na nzige; kupimwa, zikatoka ekari mbili, tena za shemeji yake. Hadi leo akiona hata kamba ya mbuzi, anavuka barabara.

Kisha yakaja yale mafuriko makubwa. Maji yale, msinibishie, yalisomba maboga hadi wilaya ya pili, yakafika kabla ya taarifa ya redio. Fomu ya fidia ilitaka picha ya mazao yaliyoharibika. Aliyepoteza nusu alipiga picha, akalipwa. Mama mmoja mjane wa bondeni alipoteza yote, maharage, uzio, mpaka udongo wa juu. Hakubakiwa na jani la kupiga picha. Ofisi kuu ikamjibu kwamba hakuna ushahidi wa hasara. Ana watoto wanne, kupanda kumebaki wiki tatu, mbegu hana, na jirani ameshaanza kulizungukia shamba akiuliza bei.

Bi Kamba aliandika barua tano ndani ya wiki moja, hazikujibiwa. Ya sita hakuandika. Mkuu wa fidia kutoka ofisi kuu alipotutembelea, Bi Kamba alimwomba kwa heshima zote aje aone shamba lililomshinda kupima. Niliendesha mimi, njia ambayo hata ndege angetafakari kwanza. Mkuu akashuka na viatu vinavyong'aa, akapiga hatua tatu, matope yakamshika magotini. Akauliza mazao yenyewe yako wapi.

"Hapo uliposimama palikuwa na maharage, mkuu," Bi Kamba akamwambia, akimnyooshea faili na kalamu. "Naomba uniandikie tu kwamba umekuja na hukuona kitu."

Mkuu akaomba avutwe kwanza. Bi Kamba akasema wino utakauka. Mkuu akasaini. Nikamvuta mimi, kwa mkono mmoja. Kiatu cha kushoto kiko huko mpaka leo.

Saini ile ndiyo ikawa ushahidi: mjane alilipwa siku ya kumi na moja baadaye, akapanda kwa wakati, jirani akarudi kwake. Na fomu mpya ina kisanduku kilichoandikwa: Hakuna kilichobaki. Mwaka uleule familia kumi na sita zilikitia alama, zikalipwa zote.

Kasoro ya Bi Kamba ni moja: miaka yote hiyo alinielekeza njia ninazozijua.

Sasa anakwenda kulima shamba lake mwenyewe. Dada yetu, asante kwa miguu yako. Tunakuombea siku tulivu, mvua ya kiasi, na mavuno ya kutuchosha kubeba. Na kwa upendo wote, tusikuone kwenye foleni ya dirisha letu.