Asteria Ndaki na Pua za Watoto Wetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Afisa Tabibu Asteria Ndaki anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi: Kishapu, kisha Chato, na hatimaye kliniki yetu ya masikio, pua na koo hapa Geita.

Wapo watumishi wanaoiita kliniki hiyo ndogo. Hoja yao haina mashiko. Mzazi anayekuta foronya ya mwanawe imelowa damu kwa mara nyingine hawezi kuambiwa kuwa tatizo ni dogo.

Mama Ndaki alianza na kucha kabla ya pua. Kikata kucha hakikukosekana mfukoni mwa koti lake, kwani vidonda na magamba ya puani havitapona iwapo kidole kinavichokonoa kila siku. Watoto walimbandika jina la Mama Kucha, naye akaliitikia. Baba aliyefika na vumbi la machimbo kwenye kola alitumwa nje kujikung'uta, hata awe mwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu.

Wengi tunamkumbuka kwa Blessing, binti wa miaka minne kutoka Rwamgasa. Kwa miezi kadhaa, tundu moja la pua yake lilitoa damu na usaha wenye harufu. Baba yake, Adam, alikwisha kuamua kuwa ni uchawi wa mama mkwe wake, aliyemlea mtoto Kishapu, na kwamba bibi huyo hatamgusa tena mjukuu. Bibi alikuja nao, akasimama mlangoni.

Mama Ndaki alimulika tundu lile, akatoa kwa koleo ndogo donge jeusi: pamba mbichi ya shambani, mbegu ikiwa ndani. Kwao bibi, huko Kishapu, damu ya pua huzibwa kwa pamba iliyo karibu. Kipande kimoja kilikuwa kimesahaulika. Macho yote yakamgeukia bibi. Mama Ndaki akamvutia kiti.

“Mayu,” akamwita, yaani mama kwa Kisukuma, “ulitaka damu ikome. Kaa hapa nikuonyeshe namna.”

Mbele ya Adam, akamfundisha kumkalisha mtoto akiwa ameinama mbele, si kumlaza kichwa nyuma, na kubana sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia. Dawa ya kupaka akamkabidhi bibi, si baba. Walipotoka, Blessing alikuwa mgongoni mwa bibi yake.

Nadai, na nipo tayari kubishana na yeyote, kwamba siku ile walitibiwa wagonjwa wawili: mtoto na familia yake.

Mama Ndaki, wabeja sana, asante sana. Urejee Kishapu kwa amani, ukapumzike ukiwa na afya tele na wajukuu tele. Kikata kucha tu, tunaomba utuachie.